Picha ya kumi na moja ya Kidole

Saa moja na dakika kumi asubuhi ya Jumamosi, mwanamke wa miaka arobaini na tisa amesimama juu ya dawati la shule akigonganisha dasta mbili. Pa! Pa! Vumbi la chaki linamwagika. Linaingia kwenye nywele zake, puani mwake, na kwenye kikombe cha chai cha mwandishi wa makala haya, wala hakuna anayeombwa radhi.

"Usiifunike hiyo chai," anasema bila kugeuka. "Ukisogea unanivurugia vumbi."

Vumbi ndilo analolitaka. Jua la asubuhi huingia katika darasa hili kupitia dirisha la pili kwa dakika kumi na mbili tu, kisha paa la choo cha walimu hulizuia. Bila vumbi mwanga huo hauonekani kwenye picha. Vumbi likiwepo, mwanga unasimama wima katikati ya chumba, mtu akatamani kuushika.

Chini ya mwanga huo, kwenye dawati la tatu, ameketi msichana wa miaka kumi na miwili aliyevaa sare ambayo shule hii iliiacha zamani. Ni mjukuu wa fundi cherehani aliyeishona. Fundi mwenyewe yuko mlangoni na pini mdomoni, na hakubaliani na chochote kinachoendelea.

"Hakukaa la tatu," anasema kupitia pini zake. "Alikaa la nne."

"La tatu."

"La nne, shoga. Mimi nilikuwa nyuma yake. Nilikuwa nachungulia majibu yake, na yote yalikuwa ya makosa. Nitasahau vipi?"

"La tatu," anarudia mpiga picha, kisha anamgeukia mtoto. "Tulia."

Kamera inalia mara moja tu. Jua linaondoka dirishani na vumbi linaanza kutua, kwenye madawati, kwenye viatu vyetu, kwenye chai.

Anakitazama kioo cha kamera kwa muda mrefu. Halafu anakaa juu ya dawati, miguu kitini, kitendo ambacho enzi zake kingemtia mashakani, na kusema kwa sauti ya mtu aliyechoka kabla siku haijaanza: "Sura nzuri. Lakini ni ya mtoto wa watu."

Hii ni picha ya kumi na moja. Zile kumi nazo zilikuwa za watoto wa watu.

Mtaani anaitwa Tulia, kwa sababu hilo ndilo neno ambalo kila mteja wake hulisikia kabla ya kupigwa picha. Wapiga picha wengine huuliza, "Uko tayari?" Yeye katika miaka thelathini na minne ya kazi hajawahi kuuliza. Kuna sababu, nayo tutaifikia.

Studio yake ni chumba kimoja kilichobanwa kati ya duka la vipuri vya baiskeli na duka la dawa. Mbele pana kiti kisicho na mgongo na kitambaa cheupe kilichotundikwa ukutani. Nyuma ya pazia la kijani pana kile kilichokuwa chumba cha giza, ambacho sasa kina mashine ya kuchapia, ndoo ya deki na makopo matupu ya biskuti yaliyopangwa hadi darini.

Studio ilikuwa ya mjomba wake. Zamani hizo watu thelathini kwa siku walikaa kwenye kiti kile kupigwa picha za pasipoti. Sasa kila mtu ana kamera mfukoni, na wakija watatu Tulia anasema siku imekwenda vizuri. Wakati wa kupiga picha za shule, mara moja kwa mwaka, ndipo anapopumua.

Lakini hayo hayakumleta mwandishi hapa. Kilichomleta ni ukuta wa studio.

Mahali ambapo studio nyingine hutundika maharusi, Tulia ametundika shule. Katika picha moja madawati kumi na manne yamefungwa kamba yakawa treni, na abiria wake ni watu wazima wenye vitambi na mvi, wote wamevaa sare. Katika nyingine mwalimu amepiga magoti kwenye kona, uso ukutani, na wanafunzi wanasahihisha daftari lake. Katika ya tatu ubao umefunguliwa kama dirisha, na nje yake kuna shule nyingine.

"Wateja wananiuliza hii shule iko wapi," anasema. "Mmoja aliniomba fomu za kujiunga."

Aliwahi kualikwa kuzitundika katika ukumbi wa maktaba kwa wiki moja. Walikuja watu tisa. Wanne kati yao, kwa hesabu yake mwenyewe, walikuwa wanakimbia mvua.

Picha zote hizo zimetoka kwenye kichwa cha mtoto mmoja. Kwenye dari ya darasa lao kulikuwa na doa kubwa la maji ya mvua, na mtoto huyo aliwatangazia wenzake kwamba lile si doa, ni nchi. Aliweka sheria zake. Katika nchi hiyo kengele hulia ukichoka, walimu ndio wanaopewa kazi za nyumbani, na treni hupita katikati ya darasa, dereva akiwa yeye.

"Tulikuwa tunalala juu ya madawati saa ya mapumziko, tunatazama juu, anatusafirisha," anasema Tulia. "Fundi alikuwa waziri wa nguo. Mimi nilikuwa mwangalizi wa mpaka. Usicheke. Nilikuwa nakagua watu kweli kweli."

Mtoto huyo walimwita Kidole. Alikuwa akiinua kidole kabla mwalimu hajamaliza swali, na akiitwa hakuwa na jibu. Alipenda kuitwa tu.

Kidole alifariki akiwa na miaka kumi na mitatu, wakati wa likizo, kwa homa ya siku tatu. Alikuwa mtoto pekee wa mama yake, mjane. Mtaa mzima unamwita mwanamke huyo Mama Kidole mpaka leo, miaka thelathini na sita baadaye, na wengi wanaomwita hivyo hawajui kwamba Kidole alikuwa mtu.

Sura ya Kidole haipo popote. Tulia anachomoa kutoka kwenye bahasha picha ya darasa lao, aliyoipiga mjomba wake, watoto arobaini na wawili mbele ya ukuta wa shule. Anaweka ukucha kwenye safu ya katikati. Kuna mkono ulioinuliwa, kidole kikielekea mbinguni, na mkono wa sare umeufunika uso wote.

"Mjomba aliuliza, 'Mko tayari?'" anasema. "Yeye akasikia swali. Akainua kidole."

Anacheka. Mwandishi anacheka pia. Kisha kicheko kinakatika kwa wote wawili kwa wakati mmoja, na anairudisha picha kwenye bahasha.

Uso wa Kidole ulipigwa mara moja tu maishani, wiki hiyo hiyo, kwa ajili ya fomu ya mtihani. Mjomba alitundika shuka jeupe na watoto wakapita mmoja mmoja. Kila mmoja alichapiwa nakala mbili. Ya Kidole iliyobandikwa kwenye fomu iliteketea pamoja na makaratasi mengine ya shule yaliyochomwa siku ya kusafisha stoo. Nyingine mama yake aliiweka kwenye fremu ya kioo.

Tulia anainuka, anafunga mlango wa studio ingawa ni saa nne na nusu asubuhi na mteja hata mmoja hajatokea, na anarudi kukaa kwenye kiti chake mwenyewe cha pasipoti.

"Andika hili," anasema. "Lakini kwanza nisikilize mpaka mwisho."

Miaka miwili baada ya kifo cha Kidole, jua lilipatwa. Tulia alikuwa na miaka kumi na mitano, amemaliza shule na kuanza kazi kwa mjomba. Siku hizo watu walitazama jua kupitia vipande vya negativu, ile filamu ambayo picha huchapwa kutokana nayo, jambo ambalo madaktari wa macho hulikemea, na waliokuwa na negativu ni wenye studio. Kulipokucha, foleni ilikuwa imeanzia mlangoni na kufika kwa muuza viatu.

"Mjomba aliniambia nikate zile zilizoharibika, nyeusi, ambazo hazina kazi. Nikakata. Zikaisha saa nne kasoro robo, na jua linaanza kuliwa saa nne na nusu. Mjomba yuko nje anawapanga watu. Mimi niko ndani na mkasi. Nikaona kopo."

Kopo hilo la biskuti, ambamo mjomba alihifadhi negativu, liliandikwa jina la shule yao na mwaka.

"Nilisoma. Nisikudanganye kwamba sikuona. Nilisoma."

Anaeleza alivyofikiri, na anaeleza kama fundi. Shuka jeupe likipigwa picha, kwenye negativu huwa jeusi tii. Kwa kutazama jua hakuna kipande bora kuliko picha ya fomu ya mtihani, nyeusi kote, na kichwa kidogo katikati. Nyuso arobaini na mbili, vipande arobaini na viwili.

"Nilijiona nina akili kuliko mjomba. Nilisema moyoni, kila mtu ana picha yake nyumbani. Negativu ya nini tena? Nikakata darasa letu lote. Nikatoa mkono dirishani, watu wakapokea."

Masika yaliyofuata paa la Mama Kidole lilivuja. Picha iliyolowa ikanata kwenye kioo cha fremu. Alikuja studio ameikumbatia ndani ya kanga, na mjomba akaiweka kwenye beseni la maji ili iachie taratibu. Haikuachia. Kilichoachia ni uso. Ulibanduka kwenye karatasi ukaelea juu ya maji kama utando wa maziwa, na mjomba alipojaribu kuuokota ukasambaratika vidoleni mwake.

"Mjomba hakuwa na wasiwasi. Alimwambia, 'Usijali, dada, negativu ninayo.' Akashusha kopo. Tupu. Akaniita. Mimi niko hapo, nyuma ya pazia hilo hilo. 'Umeziona za shule?' Nikasema sijaziona."

Majuto ni mjukuu, huja baadaye, na wa Tulia alikuja na kuhamia. Mjomba aliamini kwamba ni yeye aliyezembea. Kila alipokutana na Mama Kidole alimwomba radhi, barabarani, sokoni, kwenye misiba ya watu. Alifariki miaka kumi na miwili iliyopita bila kuambiwa kweli.

"Nilimzika na kosa langu," anasema Tulia.

Hizi picha za shule zilianza miaka mitatu iliyopita. Ya kwanza ilikuwa ile ya treni. Kwenye kiti cha dereva alimkalisha mtoto wa jirani kuwa Kidole, akaitundika dirishani. Wiki haikuisha Mama Kidole alipita, akasimama, akaingia.

"Huyu dereva ni nani?"

"Ni Kidole, mama."

Yule mama alitazama kwa muda. "Siye," akasema, akaondoka.

Tangu hapo Tulia anatafuta. Kila baada ya miezi mitatu au minne hupata mtoto anayefanana na kumbukumbu, huomba ruhusa kwa wazazi, humvalisha sare, humkalisha dawati la tatu kwenye mwanga wa dakika kumi na mbili. Alasiri hupeleka picha kwa Mama Kidole. Amejiwekea nadhiri: siku mama huyo atakaposema "Ndiye," siku hiyo hiyo atamweleza kuhusu kopo.

Kwa nini asimweleze tu? Mwandishi aliuliza, na lilikuwa swali la kijinga.

"Niende mikono mitupu? Nimwambie nilimkata mwanao, kwaheri? Angalau niwe na kitu cha kumwachia."

Na Jumamosi zisizo na picha?

"Huwa naenda pia," anasema. "Kumjulia hali."

Saa tisa alasiri Mama Kidole ameketi barazani kwake akifuma kitambaa cha meza. Ana miaka sabini na minane na macho yake hayana miwani. Sindano ya kufumia inakwenda yenyewe huku yeye akitazama watu wanaopita.

"Huyu nani?" anauliza, akinyoosha sindano kwa mwandishi.

"Mwandishi wa gazeti, mama."

"Gazeti? Andika bei ya uzi imepanda. Hayo mengine yenu hatuyaelewi."

Tunaingia ndani. Sebule ina viti viwili, stuli, na kila kilicho bapa kimefunikwa kitambaa, redio ikiwemo. Ukutani imetundikwa fremu. Ndani yake mna mabega mawili ya sare, shingo nyembamba, na juu ya shingo karatasi nyeupe. Mjomba alimrudishia kilichobaki naye akakitundika. Mwandishi alikitazama mara moja na hakuweza kukitazama tena.

Tulia anatoa bahasha. Mama Kidole anajifuta mikono, anaishika picha kwa pembe zake, kama alivyofundishwa, na kuipeleka dirishani. Anakaa nayo kwa muda. Tulia amesimama, na anayemwona anajua kwamba hapumui.

"Siye."

"Pua, mama?"

"Pua labda. Macho sio."

"Mara ya mwisho ulisema macho ndiyo, pua sio."

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema."

Mama Kidole anaiweka picha juu ya redio, kifudifudi, na kuichukua sindano yake.

Tulia anakaa kwenye stuli na maneno yanamtoka polepole. "Mama, mimi nimefika mwisho. Kumi na moja. Mtaa huu hauna mtoto mwingine wa kumkalisha. Nimeuliza darasa zima, wote wanakumbuka mkono. Hii ilikuwa ya mwisho. Sitakusumbua tena."

Sindano inasimama.

"Jumamosi ijayo huji?"

"Nije na nini?"

Yule mama anatazama mlango, kisha fremu, kisha mwandishi, kana kwamba anapima kama huyu mgeni anafaa kuyasikia. Anaamua kwamba haidhuru.

"Mwanangu, mimi simkumbuki," anasema.

Anaichomeka sindano kwenye donge la uzi.

"Sauti yake ninayo. Miguu yake akishuka ngazi ninayo. Mkono ninao, nani hana mkono wa yule mtoto? Sura imenitoka. Sijui mwaka gani. Niliamka siku moja nikaitafuta, haipo. Kila ukileta picha najisemea, labda hii itanirudishia. Nangoja, wapi. Nasema siye. Ningesema ndiye, ningekudanganya. Na ningesema ndiye, ungekuja tena kwa lipi?"

Kwa miaka mitatu mwanamke mmoja amekuwa akitafuta neno moja, na mwenye neno hilo hakuwa nalo. Mwandishi alitamani awe mahali pengine popote.

Tulia anainuka. Anasimama katikati ya sebule, mikono nyuma, kichwa chini, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Na hapo, bila picha ya kumsindikiza, anasema yote. Kopo, mkasi, dirisha, foleni. Beseni la maji na pazia. "Sijaziona." Halii, na hajitetei hata kidogo. Akimaliza anabaki amesimama vile vile.

Mama Kidole anasogea mbele kwenye kiti chake.

"Ulikata na wake?"

"Nilikata wote, mama."

"Ukampa nani?"

"Sijui. Mikono ilikuwa mingi."

"Mimi nilikuwa kwenye ile foleni," anasema Mama Kidole.

Tulia anainua kichwa.

"Jirani yangu alinivuta. Aliniambia usijifungie ndani, twende tukaone jua. Nilikuwa sitoki siku hizo. Nikapewa kipande dirishani. Nikatazama. Kulikuwa na kichwa cha mtoto pale katikati, anacheka, meno meusi. Nikacheka na mimi. Miaka miwili nilikuwa sijacheka. Nikalitazama jua mpaka likarudi."

"Ukakiweka wapi?"

"Nikakitupa. Kila mtu alivitupa. Njia nzima ilikuwa vipande."

Walikuwa watoto arobaini na wawili. Huenda alikuwa fundi cherehani, huenda Tulia mwenyewe, huenda mtoto yeyote. Hakuna atakayejua. Mama Kidole anakaa akitazama vidole vyake viwili, kidole gumba na cha shahada, vilivyobanana kama bado vimeshika kitu.

"Na mjomba wako," anasema baadaye. "Yule mzee aliniomba radhi mpaka anakufa."

"Ndiyo, mama."

"Kwa kosa lako."

"Ndiyo."

"Hilo ndilo baya zaidi." Sauti yake haijapanda hata kidogo. "Siku ya jua ulikuwa mtoto. Lakini kwa yule mzee ulikuwa mtu mzima, mwaka baada ya mwaka. Leo sina msamaha. Usiniombe."

"Siombi, mama."

Nje watu wanapita wakiongea habari zao. Mwandishi anafunga daftari na kusema kwamba, kama familia itataka, hataandika. Ni Mama Kidole anayemkatiza.

"Andika. Wako watu hawatupi kitu. Nani ajue, labda yupo aliyekitia kipande cha mwanangu ndani ya kitabu akakisahau." Anafikiri kidogo. "Hata akikileta, mimi nitamjuaje?"

Tulia anachukua bahasha yake, anaiacha picha pale juu ya redio kwa sababu hajui kama aichukue, na anaaga. Tumeshafika barazani mama anapoita kutoka ndani.

"Wewe. Alikuwa anakaa wapi?"

"Nani, mama?"

"Mwanangu. Darasani. Sijawahi kuliingia lile darasa. Siku zile mzazi alikuwa anaishia getini."

Tulia anarudi hadi kizingitini. "Dirisha la pili. Chini ya doa."

"Doa bado lipo?"

"Lipo. Wamepaka rangi mara mbili, linarudi."

"Jumamosi nipeleke. Kamera iache kwako."

"Sawa, mama."

"Dawati la ngapi?"

Tulia anafungua mdomo. Mara kumi na moja amemkalisha mtoto pale, amepima mwanga, amegombana na fundi. Mkono wake unainuka kama anayehesabu kutoka mbele ya darasa, moja, mbili, na unasimama hewani.

"La tatu," anasema. Kisha, kwa sauti ndogo: "Au la nne."

Jumatatu mwandishi alipita tena studio. Ukuta ulikuwa mtupu. Treni, ubao na mwalimu wa kona vilikuwa vimeegemezwa chini, nyuso zikitazama ukuta, na matundu ya misumari yamebaki. Tulia alisema hajui kama atazirudisha. Alisema pia kwamba usiku wa Jumamosi alikwenda kulala akidhani atajisikia mwepesi, kwa vile ameutua mzigo. Hakujisikia mwepesi.

"Nilimtafuta mpaka nimempoteza," alisema. "Sasa nikifumba macho nawaona wale kumi na mmoja. Yeye simwoni. Hata ile kidogo niliyokuwa nayo nimeifuta kwa mikono yangu."

Mteja aliingia, kijana anayehitaji picha za kuombea kazi, akaketi na kujiweka sawa kola. Tulia alimwambia atulie, akatulia. Mashine ikatoa nyuso nne zinazofanana. Kijana akaondoka akizipuliza.

Je, ana mpango gani sasa? Ni swali ambalo makala ya aina hii huishia nalo, na mwandishi aliliuliza kwa aibu.

Mpango wake ni Jumamosi. Ameshaomba ufunguo kwa mwalimu mkuu. Amempitia fundi cherehani kumuuliza tena, na fundi, ambaye alikuwa na uhakika, amekaa akafikiri, kisha akakiri kwamba huenda ni la tatu. Mama Kidole hatembei haraka, kwa hiyo watatoka mapema, saa kumi na mbili na nusu, wawahi jua kabla halijazibwa. Kamera itabaki studio.

"Tutaanza na la tatu," anasema Tulia, akihesabu tena kwa mkono hewani. "Tukae kidogo. Halafu tuhamie la nne."